Ghala la Makufuli Mawili

3 Julai

Mume wangu Makarius amesema leo mbele ya watu kwamba nina maneno mengi. Sawa. Kuanzia leo yanayozidi nayaweka humu, katika daftari la kemia la binti yetu Magreti, ambalo alirudi nalo kutoka shule likiwa na kurasa safi kuliko zilizoandikwa.

Kwanza nieleze mambo yalivyo. Mimi na mume wangu tunanunua mahindi kwa wakulima wa Masanze na Magole msimu wa mavuno, tunayahifadhi ghalani hapa Kilosa mjini, tunauza bei ikipanda kabla ya Krismasi. Ghala si letu. Ni la Mzee Samweli anayeishi Morogoro, na mwaka huu ametuambia amechoka na mali ya mbali, anauza. Ametupa nafasi ya kwanza hadi mwisho wa Novemba. Tukishindwa, anampa mwingine, na sisi tutatafuta pa kuweka mizani yetu barabarani. Kwa hiyo mahindi ya mwaka huu si mahindi. Ni paa.

Mlango wa ghala una makufuli mawili. Ufunguo mmoja anao Makarius, mwingine ninao mimi, umefungwa kwenye pindo la kanga. Desturi hiyo tuliiga kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, ambako sanduku halifunguki mpaka wenye funguo wote wafike. Makarius ndiye aliyetaka iwe hivyo, mwaka wetu wa kwanza, akaapa hatagusa kufuli langu nami nisiguse lake. Alihofia mimi ndiye nitakayeuza ovyo.

11 Julai

Jua kali. Yameingia mahindi ya Masanze. Mkulima mmoja alichanganya na mawe, nilipomwonyesha akasema kwao yanaota hivyo.

15 Julai

Benchi limeanza. Kila msimu, mahindi yakishaingia ndani, wafanyabiashara wa nafaka hatuna kazi ila kukaa mbele ya mashine ya kusaga na kubishana lini tuuze. Mashine inaunguruma, kwa hiyo kila hoja inatolewa kwa kelele, na mtu akipiga kelele siku nzima mwishowe anajiamini.

Thadeo anauza pale anapoona mwenzake anauza. Ndiyo elimu yake yote, na ameisomea miaka mingi. Bi Yusrah wa Magole anauza kidogo kila mwezi, hata mbingu zishuke. Anasema, "Mimi kesho siijui, Mama Magreti, basi naionja kwa ncha ya ulimi." Makarius anashikilia mpaka mwisho, na sababu yake ni Yusufu kule Misri. Nimemkumbusha mara nyingi kwamba Yusufu alikuwa na ghala la Farao, si la kupanga.

Halafu yupo Wenceslaus. Yeye ni dalali: anawakutanisha wenye mahindi na wenye malori, anakula chake katikati. Lakini ni mtu mwenye adabu zake. Akifika anamwamkia kila mmoja kwa jina la mwanawe, anauliza mafua ya nani yamepona. Ndiye aliyefungua grupu letu la WhatsApp, na ndiye msimamizi wake, kwa kuwa alitutangulia sote kupata simu ya maana. Leo aliniachia nafasi nikae, akasimama yeye. Natamani Makarius angekuwa na robo ya adabu ile.

2 Agosti

Bei ileile. Maneno yaleyale.

9 Agosti

Amekuja Innocent kutoka Mikumi, mtoto wa mdogo wangu Monica. Ana kibanda cha pesa za simu pale barabara kuu, malori yanaposimama. Siku hizi anasema hiyo si kazi yake, kazi yake ni foreksi.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

"Soko limekonda, mama mkubwa."

Akaketi kwenye benchi, akatoa simu, na kabla chai haijapoa wote walikuwa wamemwinamia kama kuku kwenye pumba. Alieleza kwamba ananunua Euro na kuuza Yen.

"Hiyo Yen umewahi kuishika?" akauliza Bi Yusrah.

"Haishikwi, bibi. Inatazamwa."

"Na dhahabu?"

"Nayo nauza."

"Unayo?"

"Sina."

"Unauza usichonacho?"

Wenceslaus akacheka mpaka akafuta machozi. "Jamani, huyu ni dalali mwenzangu! Msimfukuze!"

Innocent akaonyesha chati. Imejaa vijiti vya kijani na vyekundu, anaviita mishumaa. Makarius, ambaye huwasha mishumaa ya kweli altareni kila Jumapili, aliitazama kwa heshima. Innocent akasema kosa la wazee wa nafaka ni moja: tunaingia sokoni bila kujua tutatokea wapi. Yeye kabla hajanunua chochote anaweka stopu, yaani mahali atakapokubali kwamba ameshindwa. "Bei ikigusa pale, unatoka. Hubishani, husali, humpigii mtu simu."

Nilimwona Makarius macho yamemng'aa. Mtu aliyekaa miaka ishirini akisubiri bei kwa imani, ameambiwa leo kwamba kusubiri kuna kanuni. Innocent aliendelea kueleza mengine, lakini chapati zilifika na Thadeo alikuwa anadai yake ilikuwa ya kwanza.

23 Agosti

Makarius amechora mishumaa ya mahindi ukutani mwa ghala, kwa mkaa na tofali. Ukuta huo bado si wetu. Nimemwambia Mzee Samweli akija akaona, ataongeza bei kwa ajili ya mapambo.

"Huelewi, Costancia. Hii ni chati."

"Naelewa. Jana ilikuwa ukuta."

5 Septemba

Monica amepiga simu. Innocent ameunguza akaunti, ndivyo wanavyosema pesa zote zikiisha. Nikauliza, na ile stopu? Kumbe aliiweka, kisha bei ilipokaribia akaiondoa, kwa sababu aliona dalili bei inarudi.

Nilimpelekea Makarius habari hiyo kama mtu anavyopeleka keki. Akafikiri, akasema, "Umeona? Kilichoshindwa ni mtu, si mafundisho. Angeshika neno lake, angepona."

Kisha akarudi kwenye chati yake, amependezwa mno.

18 Septemba

Bei ileile. Joto la kuchemsha maji. Maneno yaleyale, ila sasa yana mishumaa.

6 Oktoba

Bei imeanza kuinuka: mia saba na themanini kwa kilo. Mzee Samweli amepiga simu kuuliza kama bado tupo. Nikamwambia tupo na hatubanduki.

Baadaye Wenceslaus alinikuta napepeta, akauliza kwa upole kama mzee bado ana nia ile ya kuuza ghala. Nikamweleza yote, jinsi mtu anavyomweleza ndugu: tarehe ya mwisho, kwamba tunategemea mahindi tu, kwamba tukiuza kwa hasara hatufiki. Akatikisa kichwa kwa huruma. Jioni akaniletea mkungu wa ndizi mbivu.

Makarius alikula tatu, akasema ndizi zina harufu ya mtu anayetaka kitu. Nikamwambia wivu haumfai mtu mwenye chati.

17 Oktoba

Leo nimeudhika hadi mwiko umenivunjikia mkononi.

Asubuhi Thadeo alikuja mbio na habari kwamba Zambia wamevuna kupita kiasi na mahindi yao yako njiani. Nani kasema? Mtu. Mtu gani? Mtu wa Dumila. Basi benchi zima likasimama. Thadeo akataka kuuza leo leo, ila akataka kwanza mwingine atangulie.

Ndipo Makarius akapanda juu ya benchi. Mume wangu. Juu ya benchi, na viatu vyake vya kanisani.

"Ndugu zangu, hofu ndiyo inayotuua. Kila mwaka mmoja akiogopa anauza kwa bei ya chini, wengine wanamfuata, soko linaporomoka kwa mikono yetu wenyewe. Tuweke stopu moja, ya wote. Bei ikiwa juu ya mia saba, hakuna anayeuza kwa woga. Ikigusa mia saba, wote tunauza siku hiyohiyo, bila kubishana. Tunatoka pamoja kama watu wazima."

"Amina," akasema Thadeo, ambaye alikuwa bado hajaelewa.

"Na ikigusa halafu ikarudi?" akauliza Bi Yusrah.

"Hatubishani na stopu, Bi Yusrah."

"Mimi nabishana na kila kitu, mpaka na mvua. Naahidi nusu ya mzigo wangu. Nusu nyingine itabaki na akili yangu."

Wakapeana mikono. Thadeo ilibidi anawe kwanza, alikuwa na mafuta ya maandazi. Wenceslaus hakuweka mkono kwa kuwa hana mahindi, lakini aliwapongeza, akasema katika miaka yake yote sokoni hajaona umoja kama huu. Mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimeshika birika.

Halafu, ili asitokee wa kusema hakusikia, Makarius akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: TUMEKUBALIANA STOPU NI MIA SABA. IKIGUSA TUNAUZA WOTE. HAKUNA KURUDI NYUMA. Wenceslaus akajibu na vile viganja vilivyobanwa kama vya sala.

Nyumbani nikamwuliza, "Na ghala? Kwa mia saba tunalifikia ghala?"

"Haitagusa. Stopu ni ya tahadhari tu."

"Kwa mia saba tunalifikia au hatulifikii?"

"Hatulifikii," akasema. "Lakini nimetoa neno."

Hapo ndipo mwiko ulipovunjika. Nilikuwa nasonga ugali, sikumpiga mtu.

19 Oktoba

Upepo wa mavumbi. Hatujazungumza isipokuwa kuhusu chumvi.

22 Oktoba

Chumvi imekwisha.

26 Oktoba

Nimekuja Mikumi kwa Monica. Sababu niliyotoa ni kwamba miguu inamuuma. Sababu ya kweli ni kumkuta Innocent ana kwa ana nimwulize kwa nini ameniharibia mume. Ufunguo wangu ninao pindoni, kama siku zote. Makarius ana wake. Alinisindikiza hadi kituoni akabeba na mfuko, bila neno. Hata akiudhika hawezi kuacha mwanamke abebe mfuko. Ndiyo shida ya kuolewa na mtu mwema: hupati pa kumshikia.

28 Oktoba

Naandika yote kwa utaratibu, maana kichwa kinaniwanga.

Asubuhi nilikuwa nimekaa kibandani kwa Innocent nikimsubiri amalize wateja nimseme. Simu ikalia. Makarius.

"Imegusa," akasema. "Mia sita na tisini. Rudi na ufunguo."

"Jana ilikuwa mia saba na themanini!"

"Jana malori hayakuja. Leo pia hayakuja. Hakuna mnunuzi Kilosa isipokuwa Wenceslaus, anasema anajitolea kununua ili kutuokoa, lakini hawezi kuzidi hapo. Thadeo ameshaanza kushusha magunia. Panda gari, Costancia. Wanangoja mlangoni."

Nikakata simu ili nipate kuvuta pumzi. Na nilipoinua macho kuvuta hiyo pumzi, nikayaona malori. Mbele ya kibanda, chini ya kivuli cha gesti, malori matatu matupu yamejipanga, na madereva wamekaa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Malori nayajua. Moja limeandikwa nyuma HASIRA HASARA, na mwaka jana lilipakia kwetu. Yanashusha mizigo Zambia, yakirudi matupu yanapitia Kilosa kuchukua mahindi ya Dar.

Dereva wake, Ditram, alikuja kutoa pesa.

"Shikamoo mama. Mbona uko huku? Kilosa nani anatuuzia?"

"Marahaba. Ninyi mbona mko huku?"

"Tunangoja. Yule dalali wenu mzee, yule mpole, ametupigia juzi kwamba mzigo hauko tayari mpaka keshokutwa. Anatulipia na chakula. Mimi kwa wali wa bure hata wiki nangoja."

Innocent aliacha kuhesabu noti. Akanitazama.

"Mama mkubwa, stopu yenu mliiweka wapi?"

"Mia saba."

"Simaanishi hivyo. Mliiandika wapi?"

"Kwenye grupu."

Akajishika kichwa kwa mikono miwili, noti zikaanguka chini. "Mama mkubwa! Si niliwaambia siku ile? Stopu unaiweka, huitangazi! Ukiitangaza unamwonyesha mwenzako mahali pa kukusukumia. Wakubwa wa soko wanaishusha bei hadi hapo makusudi, wadogo wote wanauza, wao wananunua, halafu bei inarudi. Inaitwa kuwinda stopu. Niliwaambia!"

Nikakumbuka. Aliwaambia. Ilikuwa pale chapati zilipofika.

Na nikakumbuka mkungu wa ndizi, na jinsi nilivyomweleza Wenceslaus tarehe ya Mzee Samweli mpaka na kiasi tulichobakiza. Ni mimi niliyemchorea ramani. Makarius alimpa lango tu.

Nikampigia mume wangu, nikamweleza malori, madereva, wali wa bure. Nikasikia mashine ya kusaga nyuma yake na sauti ya Thadeo akihimiza wapagazi.

"Nimesikia," akasema. "Hata kama, nimetoa neno. Sikusema nitauza ikigusa kwa haki. Nilisema ikigusa."

"Makarius! Umedanganywa!"

"Aliyenidanganya ni mmoja. Nilioshikana nao mikono hawakunidanganya. Thadeo ameuza kwa sababu yangu. Nikibaki na yangu ndani, mimi ni mtu gani?"

"Ni mtu mwenye ghala."

"Leta ufunguo, Costa."

Hajaniita Costa tangu Magreti azaliwe. Ilinichoma. Nikaushika ufunguo pindoni, nikautazama ule mchezo wa drafti. Gari la Kilosa lilikuwa linapakia abiria palepale, kondakta ananiita kwa mkono.

"Mimi sikushika mkono wa mtu," nikasema. "Nilikuwa nimeshika birika. Sitakuja leo."

"Watu wako hapa wananitazama."

"Basi vunja kufuli langu. Chuma kipo nyuma ya mizani. Pigo moja tu."

Nilikuwa nimeuma kanga. Kama angevunja, ingekuwa mwisho wa paa, na pengine wa mengine.

"Siwezi," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko ninavyoweza kuandika. "Hilo nalo nilitoa neno."

Akakata simu.

Nimeolewa na mtu ambaye hawezi kuvunja neno hata linapogombana na neno lake jingine. Anakaa katikati, anaumia. Nilikaa kwenye ndoo ya Innocent nikalia kwa hasira, kisha nikalia kwa sababu nyingine.

Nilipomaliza nikaandika kwenye grupu: MALORI YAPO MIKUMI YAMEZUIWA MSIUZE. Hata sijaweka nukta, simu ikaniambia nimeondolewa na msimamizi. Ujumbe nao ukafutwa. Lakini Bi Yusrah alikuwa ameuona, maana alinipigia papo hapo.

"Nusu ya ahadi imekwenda," akasema. "Nusu ya akili nimeifungia ndani. Asante, mwanangu."

Thadeo hakuona kitu. Thadeo alikuwa anashusha.

31 Oktoba

Malori yameingia Kilosa. Bei mia nane na kumi. Wenceslaus anasema ni mipango ya Mungu.

Nimerudi nyumbani. Makarius kanipokea mfuko mlangoni, kauweka ndani, katoka.

3 Novemba

Kwenye benchi hakuna anayetupisha. Thadeo amesema kwa sauti, akitazama mashine badala yangu, "Wengine walihubiri tutoke pamoja, kumbe mke ameshapelekwa mbali na ufunguo. Mpango ulisukwa." Nikamweleza habari ya malori. Akasema, "Mzee Wenceslaus? Aliyemsimamia mwanangu ubatizo?" Nikasema huyohuyo. Akasema mimi nina maneno mengi.

Makarius alikuwepo. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alikaa pembeni akipokea matusi kama mtu anayenyeshewa na hana haraka. Ningeweza kumtikisa. Usomaji wa Jumapili iliyopita amempa mwingine asome; anasema hastahili kusimama mbele ya watu. Kwa kosa la mwingine! Kwa kosa langu, ukitaka, lakini mimi nilikula ugali vizuri.

8 Novemba

Bei inapanda. Maneno hakuna.

10 Novemba

Mawingu yamekaa milimani. Hayashuki, hayaondoki. Kama mtu fulani ninayemjua.

12 Novemba

Jambo la leo. Ditram alikuja kupakia mahindi ya Bi Yusrah, na katika kunywa chai akasimulia mwenyewe, bila kuulizwa, jinsi walivyokula wali siku nne Mikumi kwa hisani ya dalali. Aliona ni hadithi ya kuchekesha. Benchi lote likamsikiliza. Thadeo aliacha andazi mdomoni. Wenceslaus hakuwepo, alikuwa kwake akipanga magunia.

Thadeo aliinuka, akavuka, akasimama mbele ya Makarius. "Kumbe ulikuwa unajua tangu siku ileile?"

"Nilijua."

"Na ulitaka kuuza hivyohivyo?"

"Nilikuwa nimekupa mkono."

Thadeo akamtazama sana. "Wewe," akasema, "ni mpumbavu wa ajabu." Kisha akaketi karibu naye, akamgawia andazi.

15 Novemba

Mia tisa na thelathini. Asubuhi Makarius alitangulia ghalani. Nilipofika nikamkuta amefungua kufuli lake, amesimama kando, anangoja. Nikafungua langu. Ditram akasogeza HASIRA HASARA kinyumenyume hadi mlangoni, na mahindi yetu yakatoka.

18 Novemba

Morogoro kwa Mzee Samweli, na mashahidi wake na wetu. Ghala ni letu. Kumbe yupo mtu mwingine aliyekuwa amempigia simu kila wiki, amejiandaa kabisa, akingoja tu tushindwe. Mzee hakutaja jina. Alisema tu, "Mtu mwenye adabu sana."

Njiani kurudi Makarius amezungumza. Amesema amemwahidi Thadeo nafasi ya bure ghalani msimu ujao, kwa ajili ya hasara yake. Hakuniuliza. Nilikaa nikingoja hasira ipande, ikapanda nusu, ikakaa.

"Ungeweza kuvunja lile kufuli," nikamwambia.

"Na wewe ungeweza kupanda gari."

Basi. Tumemaliza hapo.

24 Novemba

Mawingu yameshuka. Mvua imeanza alfajiri na haijapumua, mto Mkondoa umebadilika rangi. Sisi tuko ndani, ghala liko tupu upande mmoja, kavu, linanukia mahindi yaliyoondoka. Makarius anafuta chati ukutani kwa kitambaa chenye maji. Nimemwambia aache mshumaa mmoja, ukuta ni wetu sasa.

Saa nne akaja Wenceslaus kwa mguu, suruali imekunjwa magotini. Nyuma yake mkokoteni wenye magunia, na turubai lililochanika. Yote aliyonunua siku ile kwa Thadeo na wenzake yako uani kwake. Hakujisumbua kutafuta pa kuyaweka, maana alijua Desemba atakuwa na ghala.

"Habari za hapa, Mama Magreti. Magreti hajambo huko chuoni?"

"Hajambo."

"Na Monica? Miguu imepona?"

"Imepona. Mikumi kuna wali mzuri."

Makarius alimletea kiti, akakifuta kwanza. Ndiyo, alikifuta. Wenceslaus akaketi akaeleza kwamba mvua haina huruma, kwamba sisi ni watu wa siku nyingi, kwamba angeomba kijisehemu tu, mpaka malori yarudi. Atalipa.

Nilimtazama Makarius. Mtu huyu hajawahi kumnyima mtu kitu akiombwa kwa upole, na upole wa Wenceslaus naujua. Nikasubiri aseme ndiyo, nipate kuvunja mwiko mwingine.

"Muulize Mama Magreti," akasema Makarius, akarudi kwenye ukuta wake. "Mlango huu siufungui peke yangu."

Nikajifanya nafikiri. Mvua ikanisaidia.

"Karibu, kaka," nikasema. "Bei ya kuhifadhi tutaitangaza kwenye grupu. Ila mimi kwenye grupu simo, sijui ni mtandao."

Alinirudisha palepale, amesimama kizingitini, maji yakimchuruzikia kwenye kioo cha simu, anakifuta kwa shati na kubonyeza tena.

"Nitaleta kufuli langu," akasema.

"Mlango una nafasi ya makufuli mawili tu."

"Na nikipata mnunuzi ghafla? Nikiuhitaji mzigo siku hiyohiyo?"

"Unatupigia, tunakuja wote wawili kufungua. Ndiyo desturi yetu, unaijua." Nikakaza fundo la kanga. "Ila siku hizi nasafiri sana."

Kule ukutani Makarius alishikwa na kikohozi kirefu kisicho na mafua. Wenceslaus akatazama nje, akatazama magunia yanavyolowa, akatazama fundo langu. Kisha akamwambia mwenye mkokoteni ashushe.